Kiti cha Adui

Sehemu ya Tisa

Kipaza sauti cha juu ya gari kilitaja jina lake, na sauti iliyolitaja ilikuwa ya mtu aliyezikwa.

Hapo ndipo tulipomwacha Chechele, msomaji wangu, na najua wapo waliolala vibaya wiki nzima. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la rangi, kopo mkono huu, mfuniko mkono ule, na soko zima limemgeukia. Gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Ndani yake hamkuwa na mtu.

"Chechele hafai kukalia kiti changu," ilisema sauti ya dada yake. "Chechele ni mwoga."

Kopo likamponyoka.

Dereva alikuwa amekwenda kununua maji. Alirudi mbio, akaingiza mkono dirishani, akazima. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Muuza vitunguu alikuwa amesikia, fundi viatu alikuwa amesikia, na katika soko lile jambo wakilisikia hao wawili halihitaji kipaza sauti tena.

Wewe uliyeanza kusoma leo usikonde, nitakuingiza upesi. Dada yake Chechele alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa diwani wa kata ile. Aliingia barazani na jambo moja kichwani: sheria ndogo ya kutaka nusu ya viti vya kila kamati ya kata vikaliwe na wanawake. Yeye na umoja wa wanawake walibisha milango ya madiwani mmoja baada ya mwingine. Walikalia mabenchi ya korido hadi wahudumu wakawazoea kama ndugu. Baraza likagawanyika pasu kwa pasu, na hapo ndipo diwani akafa. Alianguka kwenye ngazi za jengo la baraza, mchana kweupe, na hakuna aliyeona.

Kiti kikabaki wazi, na kura ya kiti hicho ndiyo itakayoipitisha sheria au kuizika. Mazoea ya baraza lile ni kwamba diwani akifa, familia hutoa mtu wa kumalizia muda wake. Familia ilitoa wawili. Wa kwanza ni mgane wake, mkandarasi wa majengo, ambaye kwa Chechele ni shemeji. Wa pili ni Chechele mwenyewe, muuza rangi, aliyepewa jina hilo na dada yake utotoni kwa sababu akitumwa chumvi alirudi na kiberiti. Kamati ya uteuzi ilikuwa iwasikilize asubuhi hiyo hiyo.

Na ile sauti? Sauti yenyewe haikuwa ngeni kwa mtu yeyote. Tangu mazishi, hakuna mwanamke katika umoja aliyekuwa na moyo wa kurekodi tangazo jipya. Kila asubuhi gari lilipita na sauti ya marehemu, ikiwakaribisha kina mama kwenye mikutano. Watoto waliipungia mikono. Chechele kila ilipopita aliitika "abee" kabla hajajizuia, na wateja walijifanya wanasoma maandishi ya makopo.

Siku zote tangazo lilikuwa lile lile. Leo lilikuwa limeongeza maneno.

Dereva alijieleza. Flashi aliyoitumia kila siku ilikuwa imegoma. Akakumbuka kadi ya kinasa sauti cha diwani, ile aliyorekodia tangazo lenyewe, ambayo ilikuwa imelala kwenye droo ya gari tangu msiba. Akaitia. Tangazo likaenda vizuri hadi mwisho, kukawa kimya, naye akaona ameshamaliza, akashuka kununua maji. Hakujua kwamba baada ya ule ukimya palikuwa na kitu kingine.

"Kuna nini kingine humo?" aliuliza Chechele.

Dereva akatikisa kichwa. Alikuwa amesikia kile kile walichosikia wote.

Alitokea Mama Mizani, mwanamke mnene wa kupima nafaka sokoni, aliyekuwa mkono wa kulia wa marehemu. Hakupoteza muda kwa pole. Alimwambia Chechele afute viatu, avae lile gauni lililokuwa limetundikwa nyuma ya duka, na waende barazani kabla maneno hayajawatangulia. Dereva awafuate na gari, na asiguse kitu.

Walikuwa wamechelewa. Maneno yalikuwa yameshawatangulia, tena yameota mabawa. Getini mlinzi alimtazama Chechele kwa huruma, akamuuliza kama ni kweli marehemu amemlaani.

Chechele alikuwa anazitazama ngazi.

Alizipanda huku ameshika ukuta, kwenye kila kipago akiwaza kama ni hapa, au pale juu kidogo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Alihisi kana kwamba dada yake yuko nyuma yake, hatua moja tu, akimsikiliza anavyohema. Aligeuka. Alikuwa Mama Mizani.

"Mama," Chechele alinong'ona, "alisema kweli?"

Mama Mizani alimvuta kwenye benchi la korido, akamkumbusha jambo ambalo Chechele alilijua ila hakuwahi kulionja. Umoja wao ulikuwa na desturi. Kabla ya kwenda kumwona diwani yeyote, walifanya mazoezi. Mmoja alikalia kiti cha adui, akawa ndiye mheshimiwa asiyetaka kusikia habari zao. Aliyekalia kiti hicho aliwachamba wenzake bila huruma. Aliwaita wajinga, waliokosa kazi, wake walioshindwa na waume zao, na wao walitakiwa kumjibu hadi aishiwe. Marehemu alikuwa adui hatari kuliko wote. Siku zake wapo waliotoka wakilia.

"Basi hiyo uliyoisikia ni mazoezi," alisema Mama Mizani. "Alikuwa anamwigiza mtu."

Moyo wa Chechele ukafunguka kidogo. Kisha ukajifunga tena, maana alikumbuka desturi ilivyoendelea. Adui hakuruhusiwa kuanza matusi hivi hivi. Alikaa, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Sasa mimi si mimi." Ndipo akaanza. Ilikuwa sheria ya marehemu mwenyewe, ili mtu asije akabeba kinyongo hadi nyumbani.

"Kwenye gari hakusema hivyo," alisema Chechele. "Kulikuwa kimya, halafu jina langu."

Mama Mizani hakuwahi kukosa neno tangu Chechele amjue, na sasa alikuwa anatazama vidole vyake.

Tena palikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Yeye hakuwahi kukaa mbele ya kiti kile hata siku moja. Zamu yake ilipofika alikwenda kuchemsha chai, au alisema wiki ijayo, na dada yake alimtazama tu bila kusema kitu. Sasa alijiuliza mtazamo ule ulikuwa na maana gani. Mwoga. Labda ndicho dada alichokuwa akikiona kila alipomwona na birika mkononi.

Mlango wa korido ukafunguka, akatoka shemeji.

Alikuwa mtu wa sauti ya chini, nadhifu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyefiwa jana. Alimshika Chechele mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, sikupenda ujue kwa njia hii," alisema. "Aliniambia hivyo hivyo mezani, zaidi ya mara moja. Nilikuficha kwa sababu nakupenda."

Kisha akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimsifu kwa utu wake, kwa kazi yake, kwa jinsi alivyomuuguza mama yao. Akasema siasa ni kazi chafu na hapendi kumwona akidhalilika mbele ya wanaume. Chechele ajitoe tu, kwa heshima. Yeye shemeji akishakaa kwenye kiti, ataipigia kura sheria ya mke wake. Umoja utapata ulichotaka na hakuna atakayeaibika.

Nitakwambia ukweli, msomaji, kwa sababu simpendi mtu anayewapamba mashujaa wake: Chechele alitaka kukubali. Miguu yote miwili ilitaka kushuka zile ngazi na kurudi kwenye makopo yake. Sheria itapita, kiti kitakaliwa, na sauti ile haitamtaja tena.

"Utaipigia kura kweli?" aliuliza.

"Ikifika wakati wake," alisema shemeji. "Vipengele viwili vitatu tutavirekebisha."

Mama Mizani alicheka puani. Chechele akamwangalia shemeji yake usoni, akaona hajapepesa macho. Aliyasikia yale maneno tena, ikifika wakati wake, na akajua sheria hiyo haitauona wakati wake hata siku moja. Akaurudisha mkono wake.

Wakaitwa ndani.

Chumba cha kamati kilikuwa kikubwa na chenye joto, feni zikizunguka bila faida, madirisha ya upande wa uani yamefunguliwa yote. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa miwani mizito, mtu wa taratibu, aliyeogopa kukosea kanuni kuliko alivyoogopa kukosea haki.

Shemeji alianza. Alizungumza vizuri, na hakumtukana mtu. Alisema angependa kunyamaza kuhusu mambo ya ndani ya familia, lakini asubuhi hii Mungu amependa yasikike hadharani. Marehemu mwenyewe amesema nani hafai. Kama wajumbe wanadhani ni porojo za sokoni, gari lile hapo uani, na kadi bado imo. Aliomba sauti ichezwe ili wajumbe waisikie kwa masikio yao.

Mwenyekiti aliangalia kanuni, hakuona inayokataza. Akamuuliza Chechele kama ana pingamizi.

Hapo alikuwa na nafasi ya kukataa. Mama Mizani, nyuma kabisa kwenye viti vya wasikilizaji, alikuwa akimkonyeza hadi uso umepinda: kataa. Hakuna aliyejua kilichomo mle ndani. Inawezekana dada alimwaga yote yaliyokuwa moyoni mwake, na baada ya hapo Chechele hatainua tena uso kwenye mtaa ule. Lakini aliona pia kwamba asiposikia leo, ataisikia sauti ile maisha yake yote ikisema lile neno moja, mwoga, wala haitakuwa na mwendelezo.

"Sina pingamizi," alisema. "Ichezwe hadi mwisho."

Ishara ikatolewa dirishani. Chini uani, dereva akawasha, akaliruka tangazo.

Sauti iliingia kwa madirisha yote kwa pamoja. Kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa juu ya gari, na gari lilikuwa chini, ilisikika kama mtu anayepanda kutoka ardhini. Mjumbe mmoja akajifunga koti katika lile joto.

"Chechele hafai kukalia kiti changu. Chechele ni mwoga."

Kimya. Shemeji aliinamisha kichwa kwa huzuni nzuri.

"Hata kujibu hawezi," iliendelea sauti.

Kimya tena, kirefu. Na ndani ya kimya hicho Chechele akasikia kitu ambacho wengine wangekidharau. Alisikia kijiko kikikoroga chai, polepole, kikigonga kikombe. Dada yake hakuwa akitia sukari. Alikoroga chai tupu kila alipokuwa anamsubiri mtu amalize kusema.

Alikuwa anasubiri. Pale mezani kwake, peke yake na kinasa sauti, alikuwa anamsubiri mtu ajibu.

Chechele akasimama. Kiti kilikwaruza sakafu na watu wakageuka.

"Ni kweli naogopa," alisema, akiliambia dirisha. "Naogopa tangu asubuhi. Nimekuja hivyo hivyo."

"Wewe ni muuza rangi," ilisema sauti. "Baraza si duka."

Minong'ono ikapita chumbani. Ilikuwa kana kwamba wanazungumza. Mwenyekiti aliinua kalamu kutaka kumzuia, akasahau kwa nini. Nje, kijiko kikakoroga.

"Dukani kwangu mteja akiuliza hujibiwa," alisema Chechele. "Kina mama wa kata hii wameuliza habari ya bomba la maji tangu masika yaliyopita. Nani kawajibu?"

"Wanawake wana waume wa kuwasemea. Nusu ya kamati mnaitakia nini?"

Sasa sauti ya Chechele ilikuwa imeacha kutetemeka. Alisema mume wa Mama Mizani ni mtu mwema, kila mtu anamjua, lakini hajawahi kuingia choo cha wanawake cha sokoni, na wala hatazamiwi. Choo hicho hakina mlango. Wanawake huenda wawili wawili, mmoja anatanda kanga, mwingine anaingia. Kamati ya soko ina wanaume watupu, na kila mwaka ikikaa kupanga matengenezo, mlango ule haukumbukwi. Hawana roho mbaya. Hawauhitaji, basi.

Mjumbe aliyejifunga koti alijikuna shingo. Nyuma, mtu alisema "kabisa" kwa sauti ya chini, na haikuwa ya mwanamke.

"Waheshimiwa, hii ni michezo ya kuigiza," alisema shemeji akisimama. "Kamati haiwezi kukaa inasikiliza mtu akibishana na marehemu."

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba ni yeye aliyeomba ichezwe. Akamwambia akae.

Kule nje sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imeshuka, imekuwa ya nyumbani, ile ya kumsemesha mtu aliyelala kitanda cha pili.

"Umekasirika?" ilisema. "Vizuri. Ningeanza na mimi si mimi, ungejua ni mchezo na usingejibu. Ungekwenda kuchemsha chai. Hao utakaokaa nao hawatakwambia kwamba ni mchezo. Kiti hiki nimekuwekea wewe, Chechele. Sijapata kumwekea mwingine."

Chechele alilia. Alilia amesimama, mbele ya wanaume wale wote, mikono imemwanguka ubavuni, wala hakuona haya. Tangu mazishi alikuwa amebeba kitu kifuani kisicho na jina, na sasa kilikuwa kinayeyuka. Dada alimjua. Alimjua na birika lake na uoga wake, na bado alimtaka yeye.

Mama Mizani naye alikuwa anapenga kamasi bila kificho. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema pengine kamati imeshasikia vya kutosha na inaweza kuamua. Wajumbe waliinamiana, wakanong'ona, na kwa jinsi walivyokuwa wakimtazama Chechele, hata mlinzi wa getini angejua kura inakokwenda.

Lakini Chechele aliomba isizimwe. Alikuwa amesema hadi mwisho.

Shemeji alikuwa ameshafika kwenye madirisha. Alisema kelele zinawasumbua watu wa ofisi nyingine, akafunga la kwanza. Alifunga la pili. Jasho lilikuwa limeloanisha kola ya shati lake, naye akaunyoosha mkono kwenye la tatu.

"Acha dirisha," alisema mwenyekiti.

"Swali la mwisho," ilisema sauti. "Hili usilijibu haraka. Wakikuuliza nilikufaje, utasema nini?"

Mjumbe mmoja aliuliza kwa kunong'ona sauti hii ilirekodiwa lini, na mwenzake akamjibu kwamba ni lazima iwe alipokuwa hai. Ndipo wote wawili wakaelewa walichosema. Mwanamke mzima, mezani kwake, na kikombe cha chai mbele yake, alikuwa akizungumza habari za kufa kwake kama jambo lililokwisha kupangwa.

Kijiko hakikusikika. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote, na Chechele alijua ni cha kwake, ni yeye anayetakiwa kukijaza.

"Aliteleza," alisema shemeji.

Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amewapa mgongo, mkono bado uko kwenye kitasa cha dirisha.

"Aliteleza mwenyewe. Kila mtu anajua aliteleza."

Chini uani marehemu alivuta pumzi, na kila aliyekuwa chumbani akaisikia.

"Hapana," alisema. "Hilo ndilo jibu watakalokupa wao."